Madame Aliyetufundisha Bila Kitabu

Sisi tuliosoma Gisenyi, Rwanda, mwishoni mwa miaka ya tisini, tulikaa watatu kwenye dawati la wawili na hatukulalamika. Nakumbuka impungure, yale mahindi na maharage yaliyochemshwa pamoja: sahani moja, vijiko vitano, na anayeongea sana anashiba kidogo. Mama alizoea kutuambia, "Kula kwanza, hadithi haina kijiko." Mpira wa makoma, yale majani makavu ya mgomba, tuliuchezea juu ya mawe meusi ya volkano, pekupeku. Wanangu siku hizi wakiumwa kidole, ni kwa sababu ya simu.

Darasa letu lilikuwa kama soko. Wengine walitoka Goma, wengine Uganda, wengine Tanzania na Kiswahili chao cha redio, na wengine hawakuwahi kuondoka. Mi niliishia mwaka wa pili wa sekondari, kwa hiyo anayekumbuka zaidi yangu anisahihishe.

Historia haikuwa na kitabu. Vile vya zamani vilikuwa vimeondolewa. Mwalimu wetu, tulimwita Madame tu, alifundisha kwa chaki na mdomo. Siku moja akatueleza jinsi shule za zamani zilivyotenga watoto. Mwalimu aliingia na daftari, akasema Wahutu wasimame, akahesabu. Watutsi wasimame, akahesabu. Mtoto asiyejua alitumwa nyumbani akaulize. Mwingine alisimama na rafiki yake kwa sababu tu wanakaa pamoja, darasa zima likamcheka. Hesabu hiyo ilipelekwa juu, na huko juu ndiko walikogawa nafasi za sekondari kwa kufuata kabila.

Nyuma yangu alikaa Espérance, mkubwa kuliko sisi kwa sababu alipoteza miaka mingi ya shule. Kaka yake alifaulu mtihani zamani lakini nafasi hakupewa. Akaenda kuvua sambaza, vile visamaki vidogo, ziwani, na katika mauaji ya tisini na nne wakamuua. Espérance akauliza polepole, "Madame, huyo mwalimu wa daftari ulimjua?"

Madame aliweka chaki chini. "Ni mimi. Mi ndiye nilikuwa nahesabu."

Hakusema kwamba aliamriwa, ingawa kwa haki lazima niseme mimi: aliamriwa, kama wenzake wote. Wala kaka wa Espérance hakuwa mwanafunzi wake. Madame alisema tu kwamba kesho atarudi na somo hilohilo. Asiyetaka kufundishwa naye abaki nje, hataandikwa kuwa hakuja.

Njiani wengine walisema tusiingie. Mi nilinyamaza, na hadi leo sijui kama ilikuwa heshima au woga. Lakini sote tulijua tunamngoja nani. Espérance akibaki nje, Madame hataweza kufundisha tena pale.

Asubuhi Espérance alisimama uani mpaka kengele ya pili. Kisha akaingia, akalipita dawati lake, akakaa mbele kabisa.

"Sijakusamehe, Madame," akasema. "Lakini we ulikuwepo, uliona. Bon, sema yote, tuandike."

Tukaandika mpaka saa sita, na hakuna aliyetoka.

Leo shule zina vitabu vya rangi, hakuna mtoto anayesimamishwa ahesabiwe, nami nashukuru. Wanangu wanajifunza habari hizo, wanapata alama nzuri, wanafunga kitabu wanaenda kucheza. Sisi tulifundishwa na mtu aliyekuwa akisimulia aliyoyatenda mwenyewe, tukabaki ndani pamoja naye. Nikisikia watu wanataja shule kubwa walizosoma, na mi nalitaja darasa lile, tena kwa sauti.