Mtoto wa Mama Mkubwa

Siku hiyo, upande wa Kongo, mama alikuwa ananisuka nje ya nyumba. Nilikuwa na miaka saba. Mama mkubwa, dada yake, alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, huku anamcheka: "Unasuka kama unafunga mbuzi." Baraka, mtoto wake wa miaka kumi na nne, alikuwa ananiiga nikilia.

Tukasikia risasi upande wa shamba.

Mama akasema, "Baraka, mubebe."

Akanibeba.

Mama zetu hatukuwaona tena. Alinibeba mgongoni siku tatu, mpaka ziwani. Huko watu walisukumana, boti mbili zikatutenganisha. Mimi nimekulia huku ng'ambo ya mpaka, Masese, kwa mama muuza samaki, sasa nakaa Mafubira peke yangu. Yeye alifika Kanada. Mwaka juzi tukapatana kwa simu. Kule, mtu asiye na mke, mtoto wala mzazi anaweza kuita jamaa mmoja tu aje kuishi naye. Ameniita mimi.

Fomu zikarudi kutoka ofisi ya uhamiaji. Baraka aliandika hana ndugu wa tumbo moja, mimi ni mtoto wa mama mdogo. Mimi, walipouliza yeye ni nani kwangu, nilijaza: kaka. Ningejaza nini? Sasa wanauliza nani anadanganya, na wanataka kiapo cha mtu aliyetujua nyumbani.

Aliyebaki ni Mama Furaha, jirani yetu wa zamani. Anauza nguo Namakwekwe, mjini Mbale. Sikungoja, kesho yake nikaenda kwake.

"Niape Baraka si kaka yako?" akasema. "Yule aliyekubeba?"

"Mama, wanataka tumbo tu."

"Tumbo. Wanahesabu matumbo kama wachinjaji."

"Uape, ama nibaki hapa."

Akafunga duka.

Kwa wakili alisema polepole: huyu alizaliwa na mdogo, yule na mkubwa. Wakili akauliza kama mama hao wako hai.

"Wamekufa."

"Unajua namna gani?"

Mama Furaha akaangalia meza. "Niliwaona. Njiani, karibu na kisima. Nikawafunika na kanga yangu, nikakimbia."

Miaka yote hii, yeye alijua. Mimi nilikuwa bado nasema "hatujui."

Wakili akaandika. Mama Furaha akatia sahihi kiapo chake. Nami nikasoma changu, nikatia sahihi kwamba Baraka ni binamu.

Jioni nikampigia. "Karatasi ziko tayari," nikasema. Habari ya kisima sikuitaja. Hiyo si ya simu. Nitafika, nitakaa karibu naye, ndipo nimwambie.