Picha Chini ya Kitambaa

Siku mfanyakazi mpya wa kupaka vanishi katika karakana ya majeneza alipomtia machoni Mzee Penseli kwa mara ya kwanza, mzee alikuwa amelala chali ndani ya jeneza, miguu imetokeza nje, anachora upande wa ndani wa kifuniko.

"Usiogope, mdogo wangu," akasema. "Mwenye nalo bado anapumua. Ndugu zake tu ndio watu wa kuwahi foleni."

Mpaka vanishi, mtu wa haya ambaye elimu yake iliishia shule ya msingi, hakujua acheke au akimbie. Akachungulia. Pale kwenye ubao, Mauti kavaa miwani, kashika orodha, anamwambia mgonjwa: "Jina limekosewa, lakini ingia tu, tutarekebisha huko huko." Akacheka mpaka brashi ikamponyoka. Kesho yake akanunua daftari, na tangu hapo kila mapumziko alijificha nyuma ya mbao, akimchora Mauti wa kwake.

"Unachora nini humo?" mzee alimwuliza.

"Hamna kitu, mzee wangu."

"Hamna kitu ndicho kigumu kuchora. Hebu nione."

Mpaka vanishi akalikalia daftari.

Karakana ile ilikuwa na desturi yake. Mzee Penseli akimaliza picha, aligonga kifuniko mara mbili kwa nyundo. Kusikia hivyo, mpaka vanishi aliacha brashi, akaja kugongomea kitambaa cheupe juu ya picha. Hivyo utani ule ulizikwa pamoja na marehemu, na marehemu hajawahi kulalamika.

Mchana mmoja nyundo iligonga mara mbili. Mpaka vanishi aliisikia. Lakini alikuwa anahangaika na vidole vya Mauti daftarini; akajiambia, kidogo tu, namalizia. Wenye msiba wakafika wakati huo huo, wakabeba jeneza, wakaondoka. Huko kwao kifuniko kikafunguliwa mbele ya mjane, na Mauti akatokeza na mkasi wa kinyozi, akisema: "Anayefuata!"

Jioni karakana ilijaa watu waliovimba kwa hasira. Mwenye karakana akauliza nani kasahau kitambaa.

Mzee Penseli akakuna kichwa. "Labda sikugonga. Uzee huu." Akamgeukia mwenzake. "Eti, niligonga?"

Mpaka vanishi akatazama maranda sakafuni. Mdomo ulikuwa mzito kama umejaa misumari.

Basi ikawa hakugonga. Mzee akafukuzwa baada ya miaka thelathini, akatoka na penseli yake sikioni.

Mpaka vanishi alikaa na neno lile miezi minane. Kulisema hakuweza, akaamua kulichora. Alichora mtu aliyegongomewa kitambaa mdomoni, na nyundo inamwinamia ikimwuliza: "Hukunisikia?" Pembeni Mauti anacheka mpaka anajifuta machozi. Ilikuwa picha yake ya kwanza kukaa sawa. Akaikunja, akaenda nayo kwa mzee, siku nane kabla ya kulipaka vanishi jeneza la mzee mwenyewe, ambalo ndani halikuchorwa kitu.

"Nimekuletea picha, mzee wangu. Nimechora mwenyewe."

"Leo jogoo kataga! Lete."

Mzee akaishika kichwa chini, uso kaugeuzia ukutani. Mlangoni, binti yake akatikisa kichwa taratibu. Macho ya mzee yalikuwa yamezima tangu mwezi uliopita.

"Nisimulie basi," mzee akasema. "Kuna nini?"

"Kuna mtu. Kagongomewa kitambaa mdomoni."

Mzee akacheka hadi kikohozi kikamshika. "Huyo nimempenda! Kafanya nini?"

Mpaka vanishi akafungua mdomo. Alihitaji kusema neno moja tu: uligonga. Akaangalia mikono yake yenye madoa ya vanishi, akaufumba tena.

Mzee alingoja, ametega sikio. Kisha akaisukuma karatasi chini ya mto wake, akaipigapiga.

"Haya, iache hapa, mdogo wangu. Macho yakirudi nitaicheka mwenyewe."