Siku Walipomuua Dialogi

Wiki iliyopita tulimzika kambo, bibi yangu mzaa mama. Kwenye kilio, chini ya hema, vijana walisoma habari katika simu: ndege za kigeni zimepiga nchi ya mbali na kumuua mkuu wake. "Kwisha," mmoja akasema. "Kesho batu ba kule batakula uhuru."

"Na mboga ya sombe?" mwenzake akamchokoza.

Mjomba, aliyeketi karibu nao, hakucheka. Nami nikarudi utotoni, kwenye ua wetu wa mtaa wa Annexe.

Nchi yetu ilikuwa vitani. Jioni nilichekecha unga wa bukari, ugali wetu, huku kambo akikaanga ndakala, dagaa wa kwetu, moshi wa makaa ukitutoa machozi. Jirani yetu fundi cherehani, mzee Mwislamu wa Maniema, alileta redio yake tusikilize pamoja. Mjomba alikuwa mji mkuu, karani wa viongozi waliotaka mazungumzo na adui. Habari zilisomwa kwa Kifaransa, na kambo hakukijua. Kila jioni alisikia tu neno lile moja la mazungumzo: dialogue, dialogue. Akaamini ni jina la mtu.

"Huyu Dialogi," alimuuliza fundi, "iko mutu wa wapi?"

"Mama, iko ndugu yenu wa Kasai. Hausikie vile anapenda kuongea?"

Kambo, mzaliwa wa Kasai, hakuutambua utani; akaanza kumwombea kanisani. Dialogi akifika, mwanawe atarudi nyumbani.

Kisha ndege za kigeni zikapiga mji mkuu. Mtaani petu wapo waliofurahi, wakidhani wakubwa watakimbia. Hawakukimbia. Kabla ya mabomu, ndani ya serikali walikuwamo watu wa kuwapinga wale wakali wa bunduki, tena kwa sauti. Baada ya mabomu, wakali ndio waliokalia viti vyote, na kila aliyetaja mazungumzo aliitwa ndugu wa ndege. Mjomba akafungwa. Redioni zikabaki nyimbo za askari, na lile neno halikusikika tena.

Kambo alisikiliza jioni baada ya jioni, kisha akaizima redio mwenyewe. "Balimuua Dialogi," alisema. Fundi hakumsahihisha. Nadhani hakuona kosa.

Kambo akafunga kitambaa cheusi kichwani. Waliomuuliza amefiwa na nani aliwajibu, "Ni ule alikuwa anamuleta mutoto wangu."

Mvua zikanyesha, tukavuna mahindi, tukapanda mengine. Vita havikwisha, na wale wakali wakaanza kugombana wenyewe kwa wenyewe. Jioni moja, katikati ya maneno tusiyoyaelewa, likatoka: dialogue. Kambo aliachia mwiko ndani ya bukari.

"Kumbe iko muzima," alisema polepole, akavua kitambaa.

Mjomba alifunguliwa, akarudi baada ya Pasaka, amekonda, viatu vya kuazima. Kabla hajapewa maji, kambo alichungulia nyuma yake, barabarani. "Na mwenzako umemuacha wapi?"

Fundi alicheka hadi akakaa chini.

Ua ule sasa una nyumba ya mtu mwingine. Fundi alitangulia zamani, na sauti ya kambo siisikii tena asubuhi. Sijui ni nani anayeshika kiti leo katika nchi ile ya mbali. Naogopa ni mwenye bunduki. Lakini huko pia lazima yuko mama anayesubiri mwanawe, akitegea sikio neno moja. Linaweza kuchelewa sana. Kwetu lilichelewa, na mjomba anakula bukari mbele yangu.