Balozi Yupi?

Mauwa binti Mwinjuma alikuwa mkaidi, na simsengenyi. Nilikaa naye dawati moja darasa la kisomo cha watu wazima, Mwananyamala, mwaka mzima. Asubuhi alikaanga vitumbua, alasiri alikuja na daftari lenye madoa ya mafuta. Alikuwa anataka cheti tu. Zamani alitia dole gumba kwenye karatasi asiyoweza kuisoma, na shamba la marehemu babake likaenda hivyo.

Siku ya mtihani, mwaka 1975, Mwalimu Elinaza aliandika ubaoni: Mwandikie balozi barua, umweleze jambo linalokusumbua. Sote tulimwandikia Mzee Salumu, balozi wetu wa nyumba kumi, tukalalamikia bomba lisilotoa maji. Mauwa peke yake aliwaandikia mabalozi wa Umoja wa Mataifa. Mwaka uliotangulia alisikia redioni kwamba kwenye Baraza la Usalama nchi kumi zilitaka Afrika Kusini ya makaburu ifukuzwe kwenye Umoja, tatu kubwa zikapiga kura ya turufu, ikabaki.

“Mzee Salumu tulimchagua wenyewe,” aliandika, “na akituudhi tunamtoa. Nyie nani aliwapa turufu, na nani atawanyang'anya?”

Mwalimu alivua miwani. Alikiri kwamba mwandiko ni safi na hakuna herufi iliyokosewa, ila balozi aliyemtaka yeye si hao. Mauwa akamjibu kwa adabu kwamba ubaoni hapakuandikwa balozi yupi. Darasa zima likaangua kicheko. Mimi nilikasirika kuona anachekwa, maana alikuwa amesema kweli.

Mwalimu akampa karatasi nyingine na robo saa.

“Mwandikie Mzee Salumu, mama. La sivyo, cheti huna.”

Nilimnong'oneza aandike habari za bomba, yaishe. Alinitazama mpaka nikaona haya. Kisha akainama, akaandika mistari michache, akaipeleka mwenyewe mbele. Mwalimu aliisoma mara mbili, akatia vema kwa wino mwekundu.

Cheti alikipata. Karatasi yenyewe alinionyesha baadaye:

“Ndugu Balozi Salumu, shikamoo. Naomba uitishe mkutano wa nyumba zote kumi Jumapili. Nina barua ya kupeleka Umoja wa Mataifa, nataka tuitie sahihi sote. Asiyeitaka aje aseme, tupige kura. Wengi wakiikataa, nitaichana mwenyewe.”