Kidole Gumba Kisichokunjika

Kwa miaka kumi na tisa muuguzi mmoja amekaa kwenye meza ya kwanza ya idara ya dharura, akipima wagonjwa na kuwagawia kadi. Nyekundu ni ya kuingizwa mbio, njano ni ya kuwahiwa, kijani ni ya kusubiri benchini. Wenzake humwita Mama Kadi. Sifa yake si wepesi wa mkono. Ni kwamba kila saa huinuka, akapita benchi la kijani, mtu mmoja mmoja, kuuliza upya.

"Si umeshawapima hao?" humtania mwenzake wa zamu. "Au unatafuta mchumba?"

"Natafuta nilipokosea."

Asubuhi moja aliingia fundi cherehani, mama mtu mzima, kiganja kimefungwa kitambaa. Glasi ilimpasukia akiosha vyombo. Palikuwa na mkato mdogo chini ya kidole gumba, damu imeshakauka.

"Kajeraha tu, mwanangu. Hata paka wangu amenicheka."

Muuguzi naye akacheka. Foleni ilikuwa imefika mlangoni. Akampa kijani bila kumwambia akunje kidole. Anayepiga kelele hutazamwa mara mbili. Anayetania hupita, na hapo ndipo mpimaji huteleza.

Saa ilipotimia alipita benchini. Mama alikuwa akifunga kifungo cha sweta kwa vidole viwili, kidole gumba kimesimama pembeni kama mgeni ambaye hakualikwa.

"Mama, hebu kikunje hicho."

"Kimechoka tu."

"Kikunje, mama yangu."

Hakikukunjika. Mzaha ukamwisha mama.

"Nilijua tangu nyumbani," alisema kwa sauti ndogo. "Niliogopa kuambiwa. Nisiposhona, mimi ni nani?"

Muuguzi akachuchumaa mbele yake. "Kano imekatika. Ikiungwa leo, kuna matumaini utashona. Aliyekosea ni mimi. Nilipaswa kukupima pale mezani. Nisamehe."

Akampa njano, akamwita daktari wa upasuaji. Kisha akafungua daftari la zamu, lile linalosomwa mbele ya wote kila Jumatatu.

"We, usijichongee," mwenzake akanong'ona. "Badilisha rangi kimya kimya. Nani atajua?"

"Na mwingine akija kesho na utani wake?"

Akaandika: *Nilitoa kijani kimakosa. Sikupima kama kidole kinakunjika.* Akatia sahihi. Wengi wetu huita kuficha kosa busara. Ni wizi, na anayeibiwa ni mgonjwa.

Wiki kadhaa baadaye mama alikuja kumwonyesha. Kidole kilikunjika nusu.

"Bado kinanuna," alisema.

Muuguzi alikishika kwa viganja vyote viwili, akakisindikiza polepole mpaka kilipogoma.

"Kitazidi kukunjika."

"Na kisipozidi?"

"Njoo uniambie. Lakini safari hii, mama, usinichekeshe kwanza."