Kiondo Ambacho Hakikufika kwa Nyawira

Kwa miaka thelathini na mitatu nimeficha kiondo cha mke wangu. Mimi ni mzee wa miaka themanini na mmoja, mwalimu mstaafu, naishi upande wa Gakindu. Moyo wangu umechoka. Daktari alinieleza wazi, nami sikumwuliza mara mbili. Naandika polepole kwenye simu aliyoniachia binti yangu. Admin, usitoe jina langu. Majina ya hao wengine nimeyabadilisha.

Mke wangu nitamwita Mama Wambui. Rafiki yake nitamwita Nyawira. Walilima pamoja, leo kwetu, kesho kwake. Mwanamke wa kikundi chao akijifungua, kila mmoja alimpelekea kiondo cha unga wa uji, ndizi na sukari, na baadaye kiondo kilirudi kwa mwenyewe kikiwa na kitu ndani. Hakirudishwi kitupu. Wambui wetu alipozaliwa, Nyawira alitupikia wiki nzima. Yeye mwenyewe alikaa kwenye ndoa miaka kumi na mmoja bila mtoto. Kisha akapata msichana.

Jumamosi ambayo wanawake walikwenda kumwona, mke wangu aliteleza shambani asubuhi, akavunjika mguu. Jumatatu, akiwa kitandani na plasta hadi gotini, alinifungia kiondo. Unga wa wimbi, nduma, sukari, na juu kabisa shali ya manjano aliyoifuma mwenyewe.

"Baba Wambui, peleka wewe," alisema. "Asilale siku nyingine akifikiri nimemsahau."

Kwetu mwanamume habebi kiondo. Nilikishika mkononi kama mfuko. Njia ilipita mbele ya kiwanda cha kahawa, na wanaume walikuwa kwenye foleni na magunia yao.

"Ati Mwalimu! Leo umejifunga leso?"

"Mpisheni mama apite!"

"Kiondo haibebwi hivyo, weka ukanda kwa kichwa!"

"Na vigelegele, Mwalimu? Utapiga vitatu vya msichana ama vitano vya mvulana?"

Nilicheka nao. Kisha nikapinda kona ya shule, nikafungua stoo ya vitabu, nikakiweka kiondo nyuma ya madawati mabovu. Nilijiambia nitakipeleka kesho.

Nyumbani aliniuliza, "Amesema nini?"

"Ameshukuru."

"Na shali?"

"Amemfunika mtoto nayo palepale."

Alitabasamu, akageukia ukuta, akalala.

Kesho yake nilipita mbele ya stoo bila kuifungua. Siku iliyofuata pia.

Mke wangu alingoja kiondo kirudi. Plasta ikatolewa, akaanza kutembea, kiondo hakijarudi. "Kiondo yangu imekaa huko," alisema mara moja au mbili, kisha akaacha kusema. Walipokutana sokoni, Nyawira alivuka akapita upande wa pili. Wanawake wengine walimfuata Nyawira. Wambui alipoolewa, mke wangu alipika sufuria nne za mukimo, wanawake hawakuja, na mbili tukawapa ng'ombe. Aliniuliza akiwa amepiga magoti, akisugua sufuria, "Niliwakosea nini hawa watu?" Nilimjibu kwamba wanawake wana mambo yao, nikarudi kwenye redio.

Alifariki mwaka juzi. Sikulia. Watu walisema nimejikaza.

Sasa Nyawira ndiye anayeniletea uji kila Alhamisi, kwa sababu kikundi chao cha kanisa hutembelea wagonjwa. Huuleta kwa kiondo. Wiki iliyopita alingoja nimalize, akafuta kikombe, akasema, "Mwalimu, nataka ujue nilimsamehe Mama Wambui. Nilimwambia hivyo kwa kaburi, hata kama hanisikii."

Nikasema asante. Nikaweka maparachichi mawili ndani ya kiondo chake, nikamrudishia.

Shali bado ninayo, kwenye sanduku chini ya kitanda. Nondo wamekula ukingo mmoja. Alhamisi inakuja. Naweza kumpa na kumweleza, nikamwondolea mke wangu kosa lisilo lake. Naweza pia kunyamaza nikazikwa kwa heshima, watoto wangu wasijue kitu. Ninyi mnaosoma hapa ni wengi na hamnijui. Semeni mnavyoona. Nimwambie, au nimwache na amani aliyoipata?

Lakini mtanishauri vibaya nisipomaliza. Mtafikiri ni kiondo tu, na aibu ya mwanamume barabarani. Mwezi mmoja baada ya siku ile, Nyawira alikuja shuleni, mtoto mgongoni. Alinikuta mlangoni pa stoo, kiondo kikiwa ndani, nyuma yangu.

"Mwalimu, mguu najua ulivunjika," alisema. "Lakini hata kutuma mtu? Wote walikuja. Nimemkosea nini? Naenda kwenu sasa hivi nimwombe msamaha."

Wangekutana, kila kitu kingejulikana siku hiyo hiyo. Nilitafuta maneno ambayo hangeweza kamwe kwenda kumwuliza mke wangu. Niliyapata upesi. Nilimwambia kwamba Mama Wambui amesema hampelekei uji mtoto asiyejulikana baba yake.