Taa Iliyowabwekea Majirani

Nakumbuka jioni moja, mwanangu, nilipokuwa juu ya ngazi nyumbani kwa dada yangu, bisibisi mdomoni, huku mzee mmoja akipita na kurudi kwenye migomba kama askari wa zamu, nami nikitazama kama taa itamwakia au itamwacha. Imenijia leo kwa sababu umeniambia unataka kuzungushia bustani yako taa za sensa, zinazowaka zenyewe mtu akipita. Ni jambo jema. Kaa kwanza, chukua punje hizi za kahawa utafune. Nyaya hazitakimbia.

Dada yangu Laurensia aliolewa Ijuganyondo, pale mji wa Bukoba unapoanza kuwa migomba tena. Vita vya mpakani vilikuwa vimepita, tukadhani tumemaliza kuzika vijana. Kisha ukaja ukimwi, ugonjwa ambao mwanzoni tuliuita Juliana, kwa jina la mashati yaliyokuwa yakivushwa mpakani, maana hatukuwa na jina lake wala ujasiri wa kulitafuta. Ulimchukua shemeji yangu. Tukamzika kwenye kibanja chake, shamba la nyumbani, kati ya migomba aliyoipanda kwa mkono wake, na Laurensia akabaki na watoto wanne.

Miaka ile kila mwenye chakula alimjua jirani asiyekuwa nacho. Lakini mfiwa naye ana heshima yake, mwanangu. Humpelekei maharage mchana kweupe kila wiki kama unayemwaga punje mbele ya kuku. Basi watu walipita vijia vya ndani, vile vinavyounganisha kibanja na kibanja, giza linapoanza kuingia. Mtu aliweka kikapu nyuma ya jiko, akakohoa, akaenda zake. Aliyekuwa ndani hakutoka mpaka nyayo zipotee. Asubuhi kikapu kilitundikwa kwenye mti wa mpaka kati ya vibanja, ndani yake kahawa kidogo ya kutafuna, kwa kuwa kikapu cha watu hakirudi kitupu. Tenda wema nenda zako, walisema wahenga. Kwetu tuliongeza: kohoa kwanza, mbwa asikiwahi kikapu.

Mimi wakati huo nilikuwa fundi umeme Muleba, kijana, na nilipenda kazi yangu kama wengine wanavyopenda ngoma. Niliposikia kuwa wezi wanakata mikungu ya dada yangu na kuchuma kahawa yake mbichi mtini, sikulala vizuri. Nilikuwa na sensa moja niliyopewa na mhandisi mgeni aliyekuwa akirudi kwao, kitu ambacho Muleba nzima hakuna aliyekuwa nacho. Nikapanda basi nikaenda kuifunga. Waya wa moto unaoleta umeme na wa nyutro unaourudisha nikaziingiza kwenye sensa, waya wa tatu nikautoa kwenda kwenye taa, na kile kijicho chake cheupe nikakiweka kwenye kona ya paa, mahali kinapoona kibanja chote. Nikapita mbele yake, taa ikawaka. Watoto wakapita, ikawaka. Mbuzi akapita, ikawaka, na watoto wakaanguka chini kwa kicheko. Nilirudi Muleba nikiwa na furaha ya mtu aliyemnunulia dada yake mlinzi asiyesinzia.

Na kweli, wizi ulikoma. Niliporudi kumtembelea, mikungu ilikuwa imesimama yote, lakini Laurensia alikuwa anakunja nguo za watoto na kuzifunga kwenye shuka.

"Safari ya wapi, dada?"

"Rubafu, kwa shangazi. Watoto watasoma huko."

"Kuna nini hapa?"

Alikunja gauni moja, akalikunjua, akalikunja upya. "Watu wamenichoka. Siku hizi hakuna anayekohoa nyuma ya jiko. Wanadhani kilichomuua baba watoto nami ninacho. Nikiwaamkia kanisani, kila mtu ana haraka."

"Na kibanja?"

"Kina mwenyewe," akasema, akanyoosha kidevu kuelekea kaburini.

Nilitoka pale damu ikichemka, nikaenda moja kwa moja kwa Ta Kaijage, jirani yake wa kwanza, mzee tuliyemwita Ta, yaani baba, ambaye hakuna ndoa wala mazishi ya mtaa ule yaliyopita bila neno lake. Nilimkuta ameketi kwenye nyasi zilizotandikwa sebuleni. Nikamsalimu kwa heshima, ila sauti ilinisaliti. Akanisukumia kahawa.

"Tafuna kwanza. Mwenye hasira apewe kitu cha kufanya na meno."

Nikatafuna. Kisha nikamuuliza: "Ta Kaijage, dada yangu amewakosea nini?"

"Yeye hajatukosea kitu. Ni ile taa yako, waitu, ndugu yangu." Akajifuta mdomo. "Nilikata mkungu wangu mwenyewe, kwenye kibanja changu mwenyewe, nikaupeleka. Nilipofika nyuma ya jiko, jua likachomoza usoni mwangu. Nikajikuta mkungu uko chini, mikono yangu iko juu. Mimi, uzee huu, nimesalimu amri."

Mke wake akasema kutoka chumba cha ndani: "Alirudi mbio. Tangu vita sijamwona akikimbia hivyo."

"Wewe mama, pika," akasema Ta Kaijage, lakini naye alikuwa anacheka. Kisha hakucheka tena. "Kuna mwingine, simtaji. Naye ni mjane. Alipeleka viazi alivyowanyima wanawe. Taa ikamwakia, watoto wakachungulia, wakamwita kwa jina. Unafikiri alirudi? Kanisani anamkwepa Laurensia kwa aibu, na Laurensia anadhani anakwepa ugonjwa. Mbwa wa dada yako anatujua sote. Humbwekea mwizi, jirani humnyamazia. Taa yako inambwekea kila mtu. Ukimulika nyoka anzia miguuni pako. Wewe umeanzia machoni mwa watu."

Nikauliza tu: "Na wezi?"

"Wezi wanatokea barabarani na baiskeli, maana mkungu wa wizi haubebwi mbali kwa kichwa. Taa yako iangalie huko. Ukisikia mwizi kapita kijia chetu, huyo ni mmoja wetu. Huyo niachie mimi."

Basi ndiyo jioni niliyokuambia. Nilizungusha sensa ielekee barabarani, na upande wa kijicho uliotazama migomba nikauziba kwa utepe mweusi wa kufungia nyaya. Ta Kaijage alijitolea kuwa mwizi na jirani kwa zamu. Akipita kijiani taa ikiwaka, anapaza sauti, "Bado inabweka," nami naongeza utepe kidogo. Hatimaye alipita mara mbili, polepole, amebeba fimbo begani mfano wa mkungu, na kibanja kikabaki na giza lake. Alipozunguka kwa barabarani, ikammulika mpaka ndevu, naye akaenda kuwapa majirani habari.

Kisha nikafunga taa nyingine, ndogo, chini kabisa kwenye ukuta wa jiko, yenye kifuniko cha bati juu yake na swichi ndani. Laurensia angeiwasha mwenyewe jioni. Mwanga wake ulimwagika kwenye kizingiti na hatua chache za kijia, usipande zaidi ya goti la mtu.

Ndani, nilimweleza dada yangu kwamba hawakumchoka, waliogopa taa. Alinitazama kama anayepima kitambaa. Giza likakolea, akawasha ile taa ndogo. Tulikuwa tunamenya ndizi tuliposikia mtu anakohoa nyuma ya jiko. Kikohozi cha mwanamke, chepesi, cha kuibia. Mtoto mdogo akainuka. Laurensia akamshika gauni, akaweka kidole mdomoni, na sote tukainamisha vichwa tusitazamane, maana tungecheka au tungelia. Nyayo zilipopotea alitoka, akarudi na kikapu cha viazi. Akakaa nacho mapajani bila kukifunua. Baadaye alilifungua lile furushi la nguo akazirudisha sandukuni, moja moja.

Hakwenda Rubafu. Yuko pale mpaka leo, na wajukuu zake hupita kijia kile kile.

Kwa hiyo, mwanangu, funga taa zako. Funga vizuri, zima mein swichi, ile ya nyumba nzima, kabla hujagusa waya, na usiache maungio wazi kwa mvua yetu hii ya Bukoba. Lakini kabla hujapanda ngazi, itembee njia ya mtu anayekuja kwako kwa wema, uone macho yake yatakutana na nini. Mlinde mwenye nyumba, lakini usimvue nguo mgeni wake. Mwanga wa kumsaidia mtu huanzia miguuni, aone pa kukanyaga. Uso wake mwachie, atauonyesha mwenyewe akitaka. Ndivyo ilivyo kwa taa, na ndivyo ilivyo kwa maneno, kwa sadaka, na kwa maswali unayomuuliza aliyefiwa.

Mungu akupe nyumba ambayo mwizi anaikwepa na jirani anaijua hata gizani. Akupe chakula cha kupeleka, na siku utakapokosa, akusikizishe kikohozi nyuma ya jiko.